Kutoka Mdadisi hadi Mwenye Swali: Njia ya Kuwa Mchumi wa Majaribio

Wahitimu wengi wa uchumi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala huingia kwenye utafiti kwa mlango wa udadisi. Wanaajiriwa kwa wiki au miezi michache, wanapanda bodaboda hadi kijijini, wanasoma maswali kwenye kishikwambi, wanalipwa posho, mradi unafungwa. Makala inapochapishwa miaka kadhaa baadaye, swali na jibu lake ni vya mtu mwingine. Mwongozo huu nimemwandikia mdadisi huyo, kwa kuwa ndiye aliye karibu zaidi na taaluma hii kuliko anavyodhani.

Baadhi ya matokeo yanayofundishwa duniani kote katika uchumi wa majaribio yalipatikana hapa kwetu. Mwaka 2001 kundi la wanaanthropolojia na wachumi likiongozwa na Joseph Henrich lilitangaza matokeo ya michezo ya kugawana fedha iliyochezwa katika jamii ndogo 15, wakiwemo Wahadzabe wa Tanzania na Waorma wa Kenya. Michael Kremer na Edward Miguel walifanya jaribio lao la dawa za minyoo katika shule 75 za msingi huko Busia, Kenya. Jaribio la Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List kuhusu wanawake, wanaume na ushindani, lililochapishwa mwaka 2009, liliwahusisha Wamasai wa Tanzania. Uwanja tunao. Wenye maswali kutoka hapa ndio bado wachache, na upungufu huo unaweza kuanza kuzibwa na mtu mmoja mwenye daftari na pakiti ya kadi.

Hatua ya 1: Ielewe kazi yenyewe

Mchumi wa kawaida husubiri takwimu za bei, mishahara au mavuno, kisha hujaribu kuchambua chanzo ni kipi na matokeo ni yapi. Mchumi wa majaribio hujenga uchumi mdogo wenye kanuni anazozijua, anaweka fedha halisi ndani yake, anabadilisha jambo moja, kisha anaangalia watu wanafanya nini.

Asili yake ni darasani. Edward Chamberlin wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwapa wanafunzi kadi za wanunuzi na wauzaji, akawaacha wazunguke wakipatana wawili wawili. Bei hazikufuata nadharia ya soko la ushindani, naye akaandika hivyo mwaka 1948. Mmoja wa wanafunzi waliopitia zoezi lake aliitwa Vernon Smith. Mwaka 1956, akiwa mwalimu Chuo Kikuu cha Purdue, Smith alirudia zoezi hilo kwa mabadiliko mawili: kila bei itangazwe kwa sauti mbele ya wote, na soko lirudiwe raundi kadhaa kwa kadi zilezile. Bei zikakaribia haraka pale nadharia iliposema. Makala yake ilitoka mwaka 1962, na mwaka 2002 akatunukiwa Nobeli ya uchumi pamoja na Daniel Kahneman. Ukilielewa hilo umeielewa nusu ya taaluma: kanuni za soko, yaani nani anamsikia nani na nani anajua nini, huamua matokeo kama tabia za watu zinavyoamua.

Kuna sharti moja ambalo wanasaikolojia wengi hawalishiki na sisi tunalishika kwa nguvu. Mshiriki hadanganywi. Ukimwambia anacheza na mtu wa chumba cha pili, mtu huyo awepo kweli. Ukisema atalipwa kulingana na uamuzi wake, alipwe papo hapo. Majarida makubwa ya uchumi wa majaribio hukataa kazi iliyowadanganya washiriki, na sababu ni ya kivitendo: kijiji kilichodanganywa na mtafiti mmoja hakitamwamini wa pili, na uamuzi wa mtu asiyeamini kanuni za mchezo hautuambii chochote. Kila hatua inayofuata hapa inaulinda uaminifu huo.

Hatua ya 2: Jaza pengo la hesabu mapema

Hapa nitapita haraka, kwa sababu ushauri wake hauna siri. Unahitaji kalkulasi, aljebra mstari, takwimu, ekonometriki na nadharia ya michezo. Jifunze programu moja ya uchambuzi vizuri, R au Stata, halafu Python ya kutosha kuendesha oTree, programu ya bure ya kutengeneza majaribio kwenye kompyuta na simu. Kwa usanifu wa majaribio ya nasibu, masomo ya MicroMasters ya MIT kuhusu takwimu, uchumi na sera yanasomwa kwa intaneti. Alama za chini kwenye hesabu katika shahada ya kwanza ndizo zinazowafungia wengi mlango wa uzamivu, kwa hiyo rudia somo kama ni lazima.

Hatua ya 3: Endesha soko la kadi wiki hii

Usisubiri shahada. Tafuta watu 20: wanafunzi wenzako, kikundi cha vijana wa kanisani au msikitini, hata ukoo uliokusanyika kwa sherehe. Wanunuzi 10, wauzaji 10. Kila mnunuzi apewe kadi ya siri yenye thamani, kuanzia shilingi 1,000 hadi 10,000, kila mmoja na yake. Wauzaji wapewe kadi za gharama, vivyo hivyo kuanzia 1,000 hadi 10,000. Mnunuzi haruhusiwi kulipa zaidi ya kadi yake, muuzaji haruhusiwi kuuza chini ya yake, na faida ya kila mmoja ni tofauti kati ya bei na kadi.

Nadharia inasema patakuwa na biashara 5, kwa bei kati ya 5,000 na 6,000. Raundi tatu za kwanza waache wapatane kwa kunong'ona, wawili wawili. Zinazofuata, kila bei inadiwe kwa sauti na iandikwe ubaoni. Linganisha. Katika kunong'ona, kwa kawaida utaona bei zimetawanyika na biashara zaidi ya 5, kwa sababu mnunuzi wa 3,000 amekutana na muuzaji wa 2,000 kabla soko halijawaonyesha kwamba muuzaji huyo angeuza ghali zaidi na mnunuzi huyo asingenunua kabisa. Lipa kitu halisi, hata vocha ya simu, kulingana na faida.

Baada ya zoezi hili utajua mambo ambayo vitabu havikufundishi: wapi maelezo yako yaliwachanganya watu, nani alichungulia kadi ya jirani, dakika ngapi zilipotea kabla ya raundi ya kwanza. Andika yote.

Hatua ya 4: Tafuta swali dogo linalotoka mahali unapopajua

Hatua hii inastahili miezi. Swali kama "kwa nini watu maskini hawaweki akiba" halipimiki. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walilipunguza hadi likapimika: wakiwa magharibi mwa Kenya, walivipa vyama vya kuzungusha fedha vifaa rahisi vya kuweka akiba ya afya, mmojawapo sanduku lenye kufuli, wakapima kilichobadilika. Awali, walipowafungulia akaunti wafanyabiashara wadogo na waendesha baiskeli za abiria, wanawake wa sokoni ndio waliozitumia kukuza mitaji. Kwa wanaume hawakuona badiliko la aina hiyo. Swali lilizaliwa na kilichokuwa tayari kinafanyika pale.

Wewe unavijua vikoba, upatu na michango ya harusi na misiba kuliko mgeni yeyote. Tuchukue swali moja na tulibebe hadi mwisho: je, watu huchangia zaidi mfuko wa pamoja wakijua kwamba kiasi walichotoa kitasomwa mbele ya wenzao?

Chombo cha kulipima kipo. Watu 4, kila mmoja anapewa vipande 20 vyenye thamani ya fedha. Anaamua ngapi abaki navyo na ngapi aweke kwenye mfuko wa pamoja. Vilivyo kwenye mfuko huo vinazidishwa mara 2 na kugawanywa sawa kwa wote. Wote wakiweka 20, kila mtu anaondoka na 40. Mmoja akificha vyake na wenzake watatu wakaweka vyote, yeye anapata 50, wao 30 kila mmoja. Mvutano wote wa michango umo humo. Jean Ensminger alipouchezesha mchezo wa namna hii kwa Waorma, wao wenyewe waliufananisha mara moja na harambee. Mfano huo unanifurahisha kuliko mwingine wowote katika taaluma hii, kwa sababu unaonyesha kwamba watu hawaingii kwenye jaribio mikono mitupu. Wanatafuta linafanana na nini katika maisha yao, kisha wanafuata adabu za jambo hilo. Katika utafiti huohuo wa jamii 15, Wahadzabe waliogawana fedha na mwenzao asiyetajwa jina walimpa wastani wa theluthi moja hivi, ilhali wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, ambao chombo chao hakitoki bila wengi kushirikiana, walitoa zaidi ya nusu. Ukifanya kazi mahali unapopajua, uamuzi kama huo hautakushangaza kwa sababu zisizo sahihi.

Onyo moja la pwani, kama swali lako linahusu hatari. Wachumi mara nyingi hupima woga wa hatari kwa kumpa mtu uchaguzi kati ya bahati nasibu zenye hatari tofauti. Kilwa, Lamu au Unguja, hilo linaweza kuchukuliwa kama kamari, na waumini watakataa au watashiriki kwa dhamiri nzito. Lipime jambo hilo kwa mfano wa uwekezaji, mbegu mbili za mavuno tofauti kwa mfano, na uzungumze na shekhe wa eneo kabla ya kuandika sentensi ya kwanza ya maelekezo. Akisema bado hapana, achana na kipimo hicho.

Hatua ya 5: Hesabu watu na fedha kabla ya kuomba ruzuku

Una makundi mawili: michango ya siri na michango ya wazi. Kanuni ya haraka ni hii: chukua 16, gawanya kwa mraba wa tofauti unayotarajia, ikipimwa kwa mkengeuko sanifu. Ukitarajia tofauti ya nusu ya mkengeuko, 16 gawanya kwa 0.25 ni watu 64 kwa kila kundi. Ukitarajia 0.2, unahitaji 400 kwa kila kundi. Pengo hilo huua miradi mingi ya tasnifu, na ni bora likuue mezani kuliko shambani.

Kwa watu 128, tuseme malipo ya wastani 12,000 na nauli 3,000, unahitaji shilingi 1,920,000 za kulipa washiriki tu. Malipo yazidi kidogo kile mtu angepata kwa kibarua cha muda huohuo. Yakizidi sana, ridhaa yake haitakuwa huru.

Angalia mtego mmoja. Watu wakicheza raundi moja bila kuona uamuzi wa wenzao kwanza, kila mtu ni kipimo kimoja. Wakirudia raundi 10 huku wakiona matokeo, uamuzi wa mmoja unamvuta mwingine, na kipimo chako sasa ni kundi la watu 4: watu 128 wanakuwa vipimo 32. Wahakiki wa majarida huliona hilo kwenye ukurasa wa kwanza.

Hatua ya 6: Vibali

Anza miezi mingi kabla. Tanzania Bara utahitaji idhini ya maadili ya chuo chako na kibali cha utafiti kupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Zanzibar ina utaratibu wake. Kenya ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Kisha barua zinashuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, kata, kijiji; kwa Kenya, usimpite chifu. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinakutaka ulinde majina na namba za simu; zitenge na faili la maamuzi tangu siku ya kwanza.

Katika maombi ya maadili, jieleze kuhusu madhara ya kweli. Kwa jaribio letu, mtu atasomwa hadharani kwamba alitoa kidogo. Fedha zote ni za mtafiti, kwa hiyo hakuna aliyeshindwa kwa umaskini wake, lakini minong'ono inaweza kubaki. Mimi nisingewaweka wanachama wa kikoba kimoja katika kundi moja kwenye jaribio la kwanza.

Hatua ya 7: Siku ya jaribio

Maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na mtu asiyeijua nadharia ayasome kwa sauti mbele yako. Eneo lenye lugha nyingine, mtu mmoja atafsiri kwenda, mwingine ambaye hajauona waraka wa awali atafsiri kurudi. Fanya jaribio dogo la awali katika kijiji ambacho hutakitumia baadaye.

Siku yenyewe, vikao vyote vya kijiji kimoja vifanyike siku moja ikiwezekana. Habari hutembea haraka kuliko pikipiki yako, na kesho yake watu watakuja na ushauri wa waliotoka. Waliomaliza wasikae pamoja na wanaosubiri. Panga chai ya wanaosubiri upande mmoja na malipo upande mwingine.

Nani anaingia kundi lipi? Kila mtu aingize mkono kwenye mfuko usioonyesha ndani na atoe namba mwenyewe. Kompyuta ingeweza kufanya hivyo kwa sekunde moja, lakini mtu aliyejichagulia namba haendi nyumbani akisema mtendaji aliwapendelea ndugu zake.

Soma maelekezo yote kwa sauti, hata kwa wanaojua kusoma, kwa maneno yaleyale kila kikao. Swali likija, rudia sentensi iliyomo kwenye maelekezo. Usitoe mfano mpya papo hapo, kwa sababu mfano wenye mchango wa vipande 15 utazaa michango ya 15. Kabla ya uamuzi, kila mtu ajibu maswali ya uelewa: wote wakiweka 20 utapata ngapi? Asiyeelewa aelezwe tena faraghani, na alama yake ya uelewa irekodiwe.

Kwa wasiosoma, tumia vitu: maharage, sarafu, bahasha mbili za rangi tofauti. Busara, kituo cha utafiti wa tabia za kiuchumi kilichoanzishwa Nairobi, kilionyesha kwamba maabara kamili ya kompyuta za kugusa kioo inaweza kufanya kazi na wakazi wa Kibera, na malipo yakapita M-Pesa. Kijijini bila mtandao, bahasha inatosha. Ilimradi malipo yafanyike mmoja mmoja, faragha, kabla hujaondoka.

Hatua ya 8: Funga mikono yako kabla ya kuona majibu

Andika mpango wa uchambuzi na uusajili kabla ya kukusanya data. Chama cha Wachumi wa Marekani kina rejesta ya wazi ya majaribio ya nasibu tangu 2013. Andika kipimo kikuu ni kipi, utamwondoa nani kwenye hesabu na kwa sababu gani. Mwaka 2016, Colin Camerer na wenzake walichapisha marudio ya majaribio 18 ya maabara yaliyotoka katika majarida mawili ya juu kabisa ya uchumi. Matokeo 11 ndiyo yaliyorudi wazi. Kwa taaluma hii hiyo ni rekodi ya heshima, lakini majaribio 7 hayakusimama, na mengi huanguka kwa sababu ya sampuli ndogo na uchambuzi uliochaguliwa baada ya kuona namba.

Tofauti isipopatikana, iandike. Kama michango ya wazi na ya siri ilikuwa sawa, hilo ni jibu kwa kila anayeendesha kikoba na kusoma majina.

Hatua ya 9: Uzamivu, ajira na makubaliano

Ukiwa na jaribio moja lililofanywa vizuri, barua yako ya maombi itasomwa tofauti. Njia ya nyumbani ipo: AERC, muungano wa utafiti wa kiuchumi Afrika wenye makao Nairobi tangu 1988, una programu za pamoja za uzamili na uzamivu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa washirika. Nje, Gothenburg nchini Uswidi imewafundisha wachumi wa mazingira wengi wa ukanda huu. Nottingham Uingereza, Zurich Uswisi na Chapman huko California vina maabara zinazojulikana. Programu nyingi za Marekani hulipa karo na posho kwa miaka 5 au zaidi, kwa hiyo usiingie kwa fedha za mfukoni. Kabla ya kumchagua msimamizi, waulize wanafunzi wake wa zamani makala ngapi waliandika naye, na ngapi walizianza wao wenyewe.

Vyuo vyetu hupandisha kwa ngazi zinazojulikana: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Machapisho ndiyo hupandisha, na jaribio moja huchukua miaka kutoka wazo hadi ukurasa. Kwa hiyo uwe na makala moja inayosubiri wahakiki, data moja inayochambuliwa na swali moja linaloombewa ruzuku, zote kwa pamoja. Mizigo ya kufundisha itakubana. Igeuze iwe maabara, soko la kadi kwa kila darasa jipya.

Watafiti wa nje watakualika kushirikiana, na wengi wao ni watu wema wenye ruzuku kubwa. Kabla ya kutafuta wadadisi au kuomba kibali kwa jina lako, mkubaliane kwa maandishi: nani ameandika swali, nani ni mwandishi na kwa mpangilio gani, data zitakaa wapi na nani anaruhusiwa kuzitumia kwa makala nyingine, nani atarudi kijijini kusoma matokeo, na nauli hiyo iko kwenye bajeti ipi. Barua pepe yenye mambo hayo, iliyojibiwa na pande zote kabla ya fedha kuanza kutumika, inatosha kwa kuanzia. Mkataba wa chuo utafuata.